Majalada ya Riwaya za Zamani: Namna ya Kuyatafuta, Kuyasoma na Kuyatunza Ukiwa Kigoma

Kitabu kilikuwa kimevishwa karatasi ya kalenda ya 1987, picha imegeuziwa ndani na upande mweupe uko nje, na juu yake mtu ameandika kwa kalamu ya bluu: HISABATI. Nilikinunua sokoni Mwanga kwa bei ya sahani ya wali na maharage. Nyumbani, nilipoivua ile kalenda taratibu, akatokea mwanamke mwenye gauni la mabega wazi, ameshika bastola kwa mikono miwili, na nyuma yake kivuli cha mwanamume mwenye kofia. Rangi zilikuwa mbili tu, nyekundu na nyeusi. Ile nyekundu iliteleza kidogo mtamboni, kwa hiyo midomo ya yule mwanamke haikukaa mdomoni. Ilihamia kama milimita 2 kuelekea shavuni. Nililiangalia jalada lile mpaka giza likaingia, na tangu siku hiyo nayatafuta ya namna hiyo kila ninapopita.

Mwanafunzi aliyekificha kile kitabu ili mwalimu asikione ndiye aliyeliokoa jalada. Jua halikuligusa, vidole havikulichakaza. Nimeanza na habari hiyo kwa sababu kazi yote nitakayoeleza hapa inafanana na ile kalenda: unalikinga jalada, hulibadilishi. Lilichorwa na mtu aliyelipwa amsimamishe mpita njia kwa sekunde chache. Ukilipaka, ukalinyoosha na kuling'arisha, unaifuta kazi ya mtu yule na kuweka yako.

Kwanza, ujue unatafuta nini

Vitabu vya jalada laini ni vitabu vya safari. Mwaka 1935, London, Allen Lane alianzisha vitabu vya Penguin, kitabu kimoja kwa peni 6. Husimuliwa kwamba wazo lilimjia kituo cha treni cha Exeter alipokosa kitabu cha maana cha kusoma njiani. Majalada yale ya mwanzo hayakuwa na picha. Yalikuwa na mikanda ya rangi: chungwa kwa riwaya, kijani kwa hadithi za upelelezi, bluu kwa maisha ya watu. Marekani ilifuata mwaka 1939 kwa vitabu vya Pocket Books vya senti 25, na huko ndiko mambo yalikopamba moto. Vitabu viliuzwa kwenye vibanda vya magazeti, maduka ya dawa na vituo vya mabasi, ubavuni mwa sigara na pipi. Kitabu kisichopiga kelele hakikuonekana. Ndipo zikaja damu, bastola, vitanda vilivyovurugika na wanawake waliotupa macho nyuma ya bega.

Waliochora hawakuwa watu wa kubahatisha. James Avati alisomea usanifu majengo Princeton, kisha akawa anawaita watu wa kawaida wa mji wake wa Red Bank wamkalie mbele ya kamera, na picha hizo akazichora kwa rangi. Ukimtazama kwa makini utaona wahusika wake wamechoka kama watu wa kweli. Vumbi la chumba unalihisi. Robert McGinnis, aliyefariki mwaka 2025 akiwa na miaka 99, alichora majalada zaidi ya 1,200. Michoro ya asili ilikuwa mikubwa kuliko kitabu, na mchoraji aliacha sehemu tupu kwa makusudi ili jina la kitabu lipate pa kukaa. Ukishalijua hilo, utaanza kuona jinsi mwili wa mtu unavyopinda kulipisha jina. Mwaka 1952 kamati ya Bunge la Marekani, chini ya Ezekiel Gathings, iliyachunguza majalada haya kwa madai kwamba yanaharibu maadili.

Sisi wa Kigoma tuna bahati ambayo wa Dodoma hawana: ziwa. Ng'ambo ni Kalemie na Uvira, kaskazini ni Bujumbura, na Wabelgiji walikuwa na eneo lao hapa bandarini tangu miaka ya 1920. Kwa njia hiyo vitabu vya Kifaransa vimekuwa vikivuka na watu. Usivipite kwa kuwa hujui lugha, maana jalada halihitaji mkalimani. Tafuta vya Fleuve Noir, kampuni ya Ufaransa, ambavyo Michel Gourdon alivichorea wanawake wenye macho makali. Tafuta vya Marabout, kampuni ya Ubelgiji iliyoanza mwaka 1949 pale Verviers, hasa hadithi za Bob Morane zilizoanza kutoka mwaka 1953, zenye michoro ya Pierre Joubert: misitu, meli, vijana wanaoning'inia kwenye majabali. Mfululizo wa riwaya za ujasusi wa SAS, ulioanza mwaka 1965, una picha ya kamera: mwanamke na silaha, karibu kila kitabu, bila kuchoka. Ule wa hadithi za uhalifu wa Série noire, wa mwaka 1945, ni mweusi na njano bila picha. Nina kimoja tu, nimekiweka kwa ajili ya kulinganisha.

Kisha kuna vya kwetu, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Riwaya za Kiswahili za miaka ya 1970 na 1980, za wapelelezi kina Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa (mzaliwa wa mkoa huu wetu), zilichapwa wakati karatasi ilikuwa ya shida na rangi ni gharama. Mchoraji wa Kimarekani alikuwa na rangi zote za dunia. Wa Dar es Salaam au Nairobi mara nyingi alipewa mbili au tatu. Akafanya maajabu nazo. Karatasi tupu ikawa ngozi, nyeusi ikawa usiku, nyekundu ikafanya damu, midomo, jina la kitabu na taa za gari kwa mkupuo mmoja. Kwa maoni yangu majalada haya yanayapita mengi ya Ulaya, na ndiyo yanayopotea haraka kuliko yote, kwa sababu hakuna aliyedhani yana thamani.

Jambo moja niliseme waziwazi. Wanawake wa majalada haya wamechorwa kama chambo, na mara nyingi hadithi yenyewe ndani haina tukio lile kabisa. Ukiwa na watoto nyumbani, zungumza nao juu ya hilo. Mimi siyafichi, nayaeleza.

Pa kutafuta

Anza kwa wanaotandika vitabu chini, Mwanga na Ujiji. Usiulize "riwaya za zamani", maana bei itapanda ukiwa bado umesimama. Salimia, chuchumaa, pekua vitabu vya shule kwanza. Nenda pia kwa akina mama wanaouza karanga na maandazi. Inauma kulisema, lakini vitabu vingi vimeishia kuwa vifungio. Mimi humwambia mama mmoja wa Gungu: "Shikamoo mama, ukiletewa vitabu vyenye picha nje, niwekee, nitakupa magazeti mara mbili ya uzito wake." Anapata karatasi zaidi, napata majalada, na hakuna aliyedhulumiwa.

Njia bora kuliko zote ni nyumba za wastaafu, hasa waliofanya kazi reli au bandari. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Mtu wa safari hiyo alihitaji kitabu, na alipofika mwisho wa reli alikiacha. Ukikaribishwa, usiende moja kwa moja kwenye kabati. Muulize mzee alikuwa anasoma nini kwenye behewa. Mazungumzo hayo yana thamani hata ukitoka mikono mitupu, na mara nyingi hutoki mikono mitupu.

Vitabu vilivyovishwa khaki, gazeti au kalenda vifungue kwanza kuliko vingine vyote. Pia angalia vile visivyo na jalada la nyuma. La mbele likiwa zima, bado ni mali.

Kukagua kabla ya kulipa

Kishike kitabu kwa viganja viwili na ukifungue kidogo tu, pembe isizidi ile ya mlango ulioachwa nusu. Vingi vya vitabu hivi havikushonwa. Kurasa zilikatwa mgongoni na kupakwa gundi, na gundi ikizeeka hukakamaa kama kaukau. Ukikilaza wazi juu ya meza utasikia "kra!", na kuanzia hapo una vitabu viwili.

Tazama mgongo na uulinganishe na uso. Wino wa njano na wa waridi hufifia mapema kwenye mwanga, bluu na nyeusi hudumu. Jalada lililokaa juani huishia na watu wenye nyuso za bluu kama wamekufa maji. Hilo halirudi, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba "ndiyo rangi yake".

Beba lenzi ndogo ya kukuza. Jalada lililopigwa chapa mtamboni, ukilikuza, mara nyingi lina vitone vilivyopangwa kwa mistari, vya rangi tofauti vinavyopandana. Kopi ya rangi iliyotolewa kwenye mashine ya ofisini ina vitone vilivyotawanyika ovyo au unga unaong'aa. Nimewahi kuuziwa kopi iliyobandikwa vizuri sana juu ya mwili wa kitabu kingine, lenzi ingeniokoa.

Halafu nusa. Harufu ya karatasi kuukuu ni sawa. Harufu ya udongo mbichi ni ukungu, na ukungu unaambukiza vitabu vingine. Harufu ya dagaa, kwa wanaonunua upande wa Kibirizi, isikutishe, tutaishughulikia.

Kukijua umri wake

Mwaka ulioandikwa kwenye ukurasa wa hakimiliki mara nyingi ni wa toleo la kwanza. Jalada linaweza kuwa la miaka 15 baadaye, kwa sababu wachapishaji walikuwa wanabadilisha picha kila wanapochapa upya. Tafuta maneno "kimechapwa tena" na mwaka wa mwisho kwenye orodha.

Kisha tumia bei. Kitabu cha Uingereza chenye bei ya namna ya 2/6 (shilingi 2 na peni 6) au 3/6 kiliwekewa bei hiyo kabla ya 15 Februari 1971, siku Waingereza walipobadili mfumo wao wa fedha. Chenye 25p au 30p ni cha baada ya hapo, au cha miezi ya mpito ambapo bei zote mbili ziliandikwa bega kwa bega. Hivyo vya mpito navipenda mno. Unakuwa umeshika mwezi wenyewe mkononi.

Namba ya kitabu, ISBN, nayo inasema. Uingereza ilianza kutumia namba ya tarakimu 9 mwaka 1967, ikawa ya kimataifa yenye tarakimu 10 mwaka 1970, na tangu Januari 2007 ina tarakimu 13. Baada ya neno ISBN (au baada ya 978 kwenye zile za tarakimu 13), 9976 au 9987 ni Tanzania, 9966 ni Kenya. Kukosekana kwa namba hakuthibitishi uzee, maana wachapishaji wetu wadogo wengi hawakujisumbua nayo.

Ukubwa: kitabu cha mfukoni cha kawaida ni kama sentimita 11 kwa 18. Jina la mchoraji litafute kwenye pembe za chini, ndani ya mikunjo ya nguo, kando ya kiatu. Majalada ya Kiswahili mara nyingi yana sahihi ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuiandika popote. Ukiiona, umegundua kitu.

Kusafisha

Hapa nenda polepole. Unahitaji brashi laini, ile mpya ya kupakia poda usoni inafaa sana, na ufutio mweupe laini. Fagia kutoka mgongoni kuelekea nje, jalada likiwa limelala juu ya kitambaa safi. Kingo za juu fagia kitabu kikiwa kimebanwa ili vumbi lisiingie ndani. Kwa vitabu vingi, kazi inaishia hapo.

Majalada yanayong'aa, yenye ngozi nyembamba ya plastiki juu, yanaweza kupanguswa kwa pamba iliyoloweshwa na kukamuliwa mpaka ikaribie kukauka, kisha papo hapo pamba kavu. Yasiyong'aa usiyatie maji kamwe. Jaribu ufutio kwenye pembe ya nyuma; ukiona umechukua rangi, acha.

Selotepu ya zamani usiibandue, itatoka na uso wa mtu. Majina ya wenye kitabu, mihuri na "mali ya fulani" usivifute. Hiyo ni historia ya kitabu.

Na tafadhali, usipeleke jalada kufanyiwa laminesheni. Nilifanya hivyo na jalada nililolipenda, kwenye duka moja la steshenari, nikidhani nalipatia uzima wa milele. Mashine ililikunja pembeni, moto ukayeyusha wino mwekundu kidogo, na sasa limefungwa ndani ya plastiki ambayo haitoki. Kila nikilitazama nasikitika.

Kwa harufu ya dagaa au moshi: weka kitabu wima ndani ya boksi lenye mfuniko, na kando yake kikombe cha mkaa uliopondwa, kimefunikwa kitambaa ili vumbi lake lisiruke. Wiki 2, wakati mwingine 3. Usipulizie marashi.

Wadudu: funga kitabu ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, weka kwenye friza kwa wiki 2. Umeme ukikatika mpaka friza ikayeyuka, anza kuhesabu upya. Ukikitoa, usifungue mfuko mpaka siku nzima ipite, la sivyo umande utatua juu ya jalada badala ya juu ya plastiki.

Kitabu chenye ukungu kitenge, kikaushe kivulini penye upepo, kisha ukifagie nje ya nyumba ukiwa umevaa barakoa.

Kurekebisha

Ushauri wangu ni mfupi: kidogo iwezekanavyo. Mpasuko mdogo unaweza kushikwa kwa wanga wa ngano uliopikwa na maji mara nne au tano ya ujazo wake, ukachujwa kwa kitambaa, na kipande cha karatasi nyembamba ya Kijapani upande wa ndani. Wanga huo huachia ukiloweshwa, kwa hiyo atakayekuja baadaye anaweza kusahihisha kosa lako. Gundi za dukani haziachii. Kama karatasi hiyo huna, usilazimishe. Weka kitabu kwenye mfuko wake na mpasuko wake.

Kuhifadhi

Mifuko angavu ya kuwekea nyaraka inafaa, ila geuza utafute namba ndani ya pembetatu. Namba 5 ni salama. Namba 3 iache, plastiki hiyo hutoa kemikali na baada ya miaka hunata kwenye wino. Usiuzibe mfuko kabisa, kitabu kipumue.

Hapa kwetu adui ni unyevu wa masika, mchwa na jua la saa tisa. Rafu isiguse ukuta. Acha nafasi ya kiganja, na chini inuka angalau sentimita 15 ili uione njia ya mchwa mapema. Panga vitabu wima, vya kimo kimoja pamoja, visibanane wala visiegemee. Sanduku la bati la shule ni zuri mno dhidi ya panya na mchwa, mradi liwe chumba chenye kivuli na si chini ya bati lenye joto. Tia ndani vile vipakiti vya kukaushia unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe. Majani makavu ya mwarobaini yafunge kwenye kitambaa yasiguse karatasi. Kiangazi, kuanzia Juni, fungua sanduku asubuhi moja kila wiki.

Picha na daftari

Piga picha kila jalada siku unayolipata. Kaa karibu na dirisha lisilopigwa na jua, laza kitabu kwenye kitambaa cheusi, simu iwe sambamba kabisa na jalada, taa ya simu izimwe. Piga mbele, mgongo, nyuma, ukurasa wa hakimiliki na sahihi ya mchoraji kwa karibu. Picha hizo ni za kumbukumbu. Mchoro una mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda, kwa hiyo usichapishe fulana bila ruhusa.

Daftari liwe la kuandika kwa mkono, lisilotegemea chaji. Langu, kwa kile kitabu cha Mwanga, linasomeka hivi:

"Mwanga, sokoni. Sm 11 kwa 18. Wino mweusi na mwekundu. Mwekundu umeteleza mm 2 kuelekea shavu la kushoto. Sahihi ya mchoraji chini kulia, herufi ya kwanza M au N, zilizobaki hazisomeki. Pembe ya juu imekunjika, sijaigusa. Kilivishwa kalenda ya 1987 iliyoandikwa HISABATI. Kalenda imo kwenye mfuko uleule, nyuma ya kitabu."